Mama Fundi Anajibu: Kadi ya Wi-Fi haijafa, iulize kwanza jina lake

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari moja hapa Korogwe. Mwaka jana nilinunua laptopu ya mtumba ikiwa na Windows 10, na Wi-Fi ilikuwa inashika bila shida. Windows 10 ilipoacha kupata marekebisho ya usalama, rafiki yangu akanishauri niweke Linux Mint. Nimeiweka, na kompyuta inakimbia kuliko zamani, lakini Wi-Fi imepotea kabisa. Si kwamba inatafuta mtandao ikakosa. Hata alama yake haipo, utadhani kompyuta haijawahi kuwa na Wi-Fi tangu itengenezwe. Nikaipeleka kwa fundi mjini, akaiangalia dakika tano, akasema kadi imeungua, nilete elfu sitini. Mama, kadi hiyo asubuhi ya siku ileile ilikuwa inafanya kazi! Linux inaweza kuunguza kadi? Nirudishe Windows? Matokeo ya wanafunzi nayajazia mtandaoni na muda unaniishia.
Mwalimu, Korogwe

JIBU: Marahaba mwalimu. Linux haijaunguza kitu, na hiyo elfu sitini ibaki mfukoni mwako.

Neno "imeungua" linanikera kuliko mengi ninayoyasikia katika kazi hii. Benchi langu liko Ngamiani, hapa Tanga, na laptopu nyingi hunifikia zikiwa zimeshahukumiwa: fundi wa kwanza kasema kadi imeungua, wa pili kasema bodi nzima. Mwaka juzi alikuja mama mmoja na laptopu ya mwanawe wa chuo. Alikuwa ameshauza cherehani yake moja ili anunue laptopu nyingine. Kadi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, na tuliiweka kabla chai haijapoa. Cherehani haikurudi. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu, na wenye shida kama yako wasome pamoja nawe.

Barua yako haikutaja kadi, kwa hiyo nilikuomba ufungue terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike mstari huu, kisha unitumie picha ya jibu:

lspci -nnk | grep -iA3 network

Mstari huo haubadilishi chochote, unauliza tu. Picha yako ilinionyesha maneno "Broadcom BCM43142" na mbele yake, ndani ya mabano ya mraba, 14e4:4365. Namba hizo ndizo ninazozitaka kabla ya kushika bisibisi. Nne za mwanzo ni za mtengenezaji wa chipu: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros. Nne za mwisho ni za chipu yenyewe. Jina lililobandikwa kwenye mfuniko wa laptopu halisaidii, kwa kuwa kampuni moja hutia kadi tofauti ndani ya laptopu za muundo uleule. Na jambo la kukutuliza moyo ni hili: kadi iliyokufa kwa kawaida haionekani kabisa kwenye orodha hiyo. Yako imeitika kwa jina.

Chini yake kulikuwa na mstari unaosema draiva inayotumika ni bcma-pci-bridge. Hapo watu wengi hudanganyika, wanaona draiva ipo na kumbe Wi-Fi haipo. Hiyo bcma kazi yake ni kuifungulia kadi mlango tu, na baada yake ilitakiwa ije draiva nyingine ya kuendesha redio. Haikuja, kwa sababu kwa kadi yako haimo ndani ya Linux.

Utauliza, mbona Windows iliijua? Draiva ya Windows huletwa na mwenye chipu mwenyewe. Upande wa Linux, kwa miaka mingi Broadcom haikutoa maelezo ya jinsi chipu zake zinavyozungumza. Watu wa kujitolea wakakaa wakachungulia draiva zilizokuwepo, amri kwa amri, wakaandika ya kwao. Kazi yao ya kwanza iliingia kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, mwaka 2006, na iliyoirithi, inayoitwa b43, iliingia na kerneli 2.6.24 Januari 2008. Mpaka leo nawashukuru watu wale, maana laptopu nyingi za zamani zinazopita kwangu zinaishi kwa jasho lao. Septemba 2010 Broadcom wenyewe wakatoa draiva ya wazi, ambayo sasa inaitwa brcmsmac, lakini ni kwa chipu chache tu: BCM4313, BCM43224 na BCM43225. Yako, 43142, ikaangukia katikati. b43 haiiwezi, brcmsmac haiijui. Inabaki draiva ya tatu, wl, ambayo Broadcom waliitoa ikiwa imefungwa. Toleo lake la mwisho ni 6.30.223.271, la mwaka 2015. Leseni yake hairuhusu ikae ndani ya kerneli, ndiyo maana Mint haikuiwasha yenyewe.

Sasa kazi. Shida ya kwanza ni kwamba unahitaji intaneti ili upate intaneti. Mwaka 2009 nilikuwa nabeba laptopu ya mteja hadi kwenye mgahawa wa intaneti, naomba nichomekewe waya wa mtandao, nalipia saa nzima kwa ajili ya faili moja. Wewe una simu. Chukua waya wa USB unaopitisha data, maana nyaya nyingi za dukani ni za kuchajia tu, na huo ukiutumia utadhani simu mbovu. Chomeka simu ya Android kwenye laptopu, ingia mipangilio, fungua sehemu ya hotspoti, washa pale palipoandikwa USB tethering. Ndani ya sekunde chache Mint itaiona simu kama waya wa mtandao, bila kuomba draiva yoyote. Ikiwa simu imeshika Wi-Fi ya shule, nyingi zitapitisha hiyo na bando lako halitaguswa. Ukitumia bando, kwanza zima kujisasisha kwenyewe kwa Mint, la sivyo litaisha kabla hujaanza. Draiva yenyewe ni MB chache tu, ila mstari wa kwanza hapa chini, unaosoma orodha ya programu, unaweza kula makumi ya MB.

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Wenye Ubuntu, aina nyingine ya Linux, jina la kifurushi ni hilohilo. Kwenye Debian, nayo ni Linux, kinaitwa broadcom-sta-dkms. Maandishi yatatiririka, kisha yatasimama penye neno DKMS kwa muda. Usifunge, usizime. Hapo draiva inajengwa upya ili ilingane na kerneli ya kompyuta yako.

Katikati huenda ukaona ukurasa unaokutaka utunge nywila kwa sababu ya Secure Boot. Tafadhali hapa nenda polepole, maana ndipo wengi wanapokwama na kuniandikia kwamba draiva imekataa. Secure Boot ni ulinzi wa kompyuta unaozuia kerneli kupokea moduli, yaani kipande cha programu kama draiva, isiyo na sahihi inayotambulika. Draiva uliyoijenga wewe nyumbani ina sahihi ya kompyuta yako tu, kwa hiyo lazima sahihi hiyo isajiliwe. Tunga nywila ya herufi nane au zaidi, iandike kwenye karatasi, maliza, washa upya. Itakuja skrini ya bluu, nayo inakusubiri sekunde 10 tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, weka ile nywila, washa upya. Ukizubaa sekunde hizo zikapita, kompyuta itawaka kama kawaida na Wi-Fi haitakuwepo. Ukijaribu sudo modprobe wl utajibiwa kwamba ufunguo umekataliwa, Key was rejected by service. Hakuna kilichoharibika. Andika hivi, tunga nywila tena, uwashe upya, na safari hii usibandue macho kwenye skrini:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Wapo watakaokuambia uzime tu Secure Boot kwenye BIOS, yaani programu ya ndani inayoiwasha kompyuta. Itafanya kazi, ni kweli. Lakini kompyuta ina majina na alama za watoto wa watu, mimi nisingeuondoa ulinzi huo kwa kukwepa skrini moja ya bluu.

Baada ya hapo alama ya Wi-Fi itarudi. Isiporudi, andika rfkill list. Ukiona "Soft blocked: yes", andika sudo rfkill unblock wifi. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta kitufe chenye picha ya ndege au swichi ya pembeni. Nimeshawahi kuletewa laptopu kutoka Handeni kwa sababu ya swichi hiyo, na nauli ya mtu ikaenda bure.

Mambo mawili uyajue mapema. Kila Mint inapoleta kerneli mpya, draiva hii hujengwa tena yenyewe. Kwa kuwa ni ya mwaka 2015 na kerneli zinasonga mbele, siku moja ujenzi unaweza kushindikana na Wi-Fi ikapotea ghafla baada ya sasisho. Usirudi kwa yule fundi. Washa upya, shikilia kitufe cha Shift au gusa Esc mpaka itokee menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli ya kuwashia, ingia Advanced options, chagua kerneli ya zamani. Wi-Fi itakuwepo, nawe utasubiri kifurushi kirekebishwe. Usifute kerneli ya zamani kabla hujaiona mpya ikifanya kazi. La pili, kadi hii inashika masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ruta ya shule ikitoa mitandao miwili, ule wa 5 GHz hutauona hata ukae juu ya ruta.

Windows usirudishe kwa sababu ya hili. Na yule fundi wa mjini, nakuomba umpelekee ukurasa huu kwa heshima. Huenda naye hakuna aliyewahi kumwonyesha.

SWALI: Habari yako Mama Fundi. Niko Kisumu, mwaka wa pili uuguzi. Niko na laptopu ambayo kakangu alininunulia Luthuli Avenue, Nairobi, nikaweka Ubuntu 24.04. Wi-Fi iko, lakini inashika tu nikiwa sebuleni kando ya ruta. Nikiingia chumbani, ukuta mmoja tu katikati, inakatika. Simu yangu ya bei ya chini kabisa inashika vizuri palepale kitandani. Tumeshabadilisha ruta, hakuna tofauti. Nimefuata ushauri wako wa toleo lililopita nikatafuta jina: Realtek RTL8723BE, 10ec:b723. Nifanye nini?
Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Njema mwanangu, na ahsante sana kwa kutaja kadi. Umeniokolea wiki nzima ya kuandikiana.

Hiyo simu yako ndiyo shahidi. Kama simu inashika kitandani na laptopu haishiki, ruta haina kosa, pole kwa gharama ya ile mpya. Kadi ya RTL8723BE ina sehemu mbili za kuchomeka antena. Watengenezaji wengi wa laptopu za bei nafuu walipitisha waya mmoja tu wa antena ndani ya kioo na kuuchomeka sehemu moja. Kumbukumbu iliyo ndani ya kadi ndiyo inayoiambia draiva itumie antena ipi, na kwenye baadhi ya laptopu imeandikwa ile isiyo na waya. Kadi inasikiliza kupitia tundu tupu. Karibu na ruta inasikia kidogo hata hivyo, ukisogea hatua tano basi. Draiva ya Windows ya laptopu hizo huwa na marekebisho ndani yake, ndiyo maana dukani huenda ilionekana inafanya kazi, na mwenye duka hakumdanganya kakako.

Kaa kitandani, andika nmcli dev wifi list, uangalie namba iliyo chini ya SIGNAL kwenye mstari wa mtandao wenu. Iandike pembeni. Kisha:

sudo modprobe -r rtl8723be
sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

Subiri nusu dakika, soma namba tena hapohapo ulipokaa. Ikipanda sana, umepata. Ikishuka au ikibaki vilevile, rudia mistari miwili ukiweka 1 badala ya 2. Ukishajua namba inayofaa, ifanye ya kudumu, la sivyo itapotea ukizima kompyuta:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Kama nguvu imepanda lakini bado inakatika kila baada ya dakika kadhaa, ongeza fwlps=0 kwenye mstari huo baada ya ant_sel, kuizuia kadi isisinzie ili kuokoa betri. Hakuna kufungua laptopu, hakuna kununua kitu.

SWALI: Assalaam alaykum bi fundi. Mimi mstaafu, naishi Mwanakwerekwe, Unguja. Mjukuu wangu wa kike amepata nafasi ya kusoma mambo ya kompyuta, na mwalimu wao anataka watumie Linux. Fedha niliyonayo ni ya laptopu ya mtumba, na nikikosea sina nyingine. Dukani niulize kadi gani? Na nikipata laptopu nzuri yenye kadi mbaya, si naweza kubadilisha kadi tu?
Babu yake, Unguja

JIBU: Wa alaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Swali lako la mwisho nitalijibu kwanza, maana ndilo lenye hatari.

Usinunue laptopu kwa kutegemea kubadilisha kadi. Niliwahi kutoa kadi sumbufu kwenye laptopu ya mteja nikachomeka ya Intel, mpya, safi. Ilipowashwa ikaandika ujumbe namba 104, kwamba kifaa cha mtandao kisichokubalika kimegunduliwa, mfumo umesimamishwa, kitoe uwashe upya. Haikuendelea hata hatua moja. Mtengenezaji alikuwa ameweka ndani ya BIOS orodha ya kadi zinazoruhusiwa, na yangu haikuwemo. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na nilimrudishia fedha yake yote. Desturi hiyo ilikuwa kwenye laptopu nyingi za biashara za miaka ya nyuma, na hizo ndizo zinazofika kwetu kama mtumba.

Kadi ya kutafuta ni ya Intel. Draiva yake, iwlwifi, imo ndani ya kerneli, na fimwea yake, yaani programu ndogo inayoingizwa ndani ya kadi kila inapowashwa, huja pamoja na Ubuntu na Mint. Debian zamani ilikuwa inaziacha fimwea za aina hii nje ya diski yake ya kusakinishia. Kuanzia Debian 12, ya Juni 2023, zimo. Ukikuta laptopu ya zamani zaidi yenye Atheros AR9285 au AR9485, chukua bila wasiwasi, hizo haziombi fimwea kabisa. Broadcom, soma nilivyomjibu mwalimu wa Korogwe. Inawezekana, ila kwa mtoto anayeanza ningemtafutia njia nyepesi.

Laptopu ikiwa nzuri mno na kadi ndiyo kikwazo, kipo kijidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB. Chenye chipu ya AR9271 au MT7601U kinatambuliwa na Linux chenyewe. Angalia, boksi linaweza kuwa na jina na picha ileile huku chipu ya ndani imebadilishwa na mtengenezaji, kwa hiyo kijaribu kabla ya kulipa.

Na laptopu nayo ijaribiwe vivyo hivyo. Mwambie mjukuu aandae flashi ya GB 8 yenye Linux Mint, inayowaka bila kusakinishwa. Nendeni naye dukani pamoja. Washeni laptopu kwa flashi hiyo, washa hotspoti ya simu yako, aunganishe, afungue ukurasa wowote. Kisha mtoke hadi mlangoni na simu, muone kama inashika bado. Muuzaji mwaminifu atakubali. Ombeni na sehemu ya kuchomeka chaja kabla hamjaanza, kwa sababu betri za mtumba huzima katikati ya jaribio, na hapo hamtajua kilichozima ni betri au ni laptopu.